Kubadili Pampu ya Dizeli kwa Mara ya Kwanza: Mfano wa Injini ya Mashine ya Kusaga

Mtu akisema kwamba pampu ya injini yake ya dizeli imekufa, swali la kwanza la fundi makini ni pampu ipi. Kuna pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tangini na kuyafikisha kwenye injini, ambayo kazi yake ni kuyasogeza tu. Kuna pampu inayoyasukuma mafuta hayo kwa nguvu mpaka kwenye nozeli, yaani mdomo mdogo unaoyapuliza ndani ya silinda, tena kwa kipimo na kwa wakati wake. Na katika magari ya miaka ya karibuni kuna pampu inayojaza bomba moja la pamoja kwa presha ya zaidi ya ba 1,000, huku kompyuta ikiamua nozeli ipi ifunguke, lini na kwa muda gani. Zote tatu huitwa pampu, dukani na gereji, na kwa sababu ya jina hilo moja watu hupewa ushauri wa kitu kimoja wakautumia kwenye kitu kingine.

Makala haya yanahusu pampu ya pili, katika umbo lake jepesi kuliko yote: pampu ya planja moja, yaani kijiti kimoja cha chuma kinachosukuma mafuta, inayofungwa ubavuni mwa injini ya silinda moja iliyolala, ya aina ya S195 kutoka China, yenye nguvu za farasi 12. Tarakimu 95 katika jina lake ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Injini hii na ndugu zake ndizo zinazozungusha mashine nyingi za kusaga na kukoboa vijijini, na ndizo zilizomo ndani ya pawatila zilizoingia kwa wingi Tanzania baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Nimeichagua kwa sababu haina umeme wala kompyuta, tangi lake liko juu ya pampu na mafuta hushuka yenyewe, na mtu ambaye hajawahi kufungua injini anaweza kuibadilishia pampu nyumbani kwa spana chache. Lakini ina sehemu mbili ambazo akizikosea anaweza kuiua injini au kujiumiza, na sehemu hizo ndizo nitakazokaa nazo muda mrefu zaidi.

Tone moja kwa wakati wake

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni inabana hewa peke yake mpaka nafasi yake ipungue karibu mara 20, na hewa iliyobanwa namna hiyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Mafuta yakipulizwa ndani yake yakiwa ukungu, yanawaka yenyewe. Kwa hiyo pampu inabeba kazi mbili ambazo katika injini ya petroli hugawanywa: inapima mafuta, na inaamua saa ya kuwaka.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana vizuri kwa hesabu. Injini ya mizunguko 2,000 kwa dakika hupokea mafuta mara 1,000 kwa dakika, maana katika mizunguko miwili ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kuna mlipuko mmoja. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hutumia takriban lita 2.7 kwa saa. Ukigawa lita hizo kwa mara 60,000, kila mpulizo mmoja hauzidi milimita za ujazo 45, ambazo ni pungufu ya tone moja la maji. Tone hilo linatakiwa kusukumwa kwenye nozeli inayofunguka kwa presha ya kati ya ba 120 na 130, na tukumbuke kwamba tairi la gari dogo lina ba mbili na kidogo. Tena linatakiwa lianze safari yake pistoni ikiwa bado digrii 16 hadi 20 kabla ya kufika mwisho wa juu. Kwa mwendo wa mizunguko 2,000, digrii moja ni sehemu moja ya 12,000 ya sekunde.

Rudolf Diesel mwenyewe, injini yake ilipofanikiwa kule Augsburg mwaka 1897, hakuwa na pampu ya namna hii. Alipuliza mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa kubwa, na uzito wa kompresa hiyo uliifunga dizeli viwandani na melini kwa miaka mingi. Kilichoishusha barabarani na mashambani ni pampu ndogo ya planja ambayo kampuni ya Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Pampu iliyo ubavuni mwa mashine ya kusaga leo inafuata wazo lilelile.

Wazo lenyewe ni hili. Ndani ya kipande cha chuma chenye tundu, ambacho hapa nitakiita pipa, inapanda na kushuka planja, nayo ni kijiti cha chuma kigumu. Kamu, chuma chenye nundu kinachozunguka ndani ya injini, huisukuma juu, na springi huirudisha chini. Umbali wa kupanda ni uleule siku zote, iwe mashine inasaga mahindi makavu au inazunguka bure. Kinachobadilika ni mwelekeo wa planja, kwa sababu ubavuni mwake imechongwa mfereji uliokaa mshazari, na mfereji huo ukifikia kitobo cha pembeni mwa pipa, presha yote hutoroka na mpulizo hukatika. Planja ikizungushwa kidogo upande mmoja, mfereji unafika mapema na mafuta yanakuwa machache. Ikizungushwa upande wa pili, unachelewa na mafuta yanakuwa mengi. Anayeizungusha ni gavana ya injini, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wake, kupitia mkono mfupi wenye kichwa cha mviringo kama gololi. Ninaomba msomaji aikumbuke gololi hiyo, kwa kuwa nitairudia.

Nafasi iliyopo kati ya planja na pipa lake ni mikroni mbili au tatu, yaani sehemu mbili au tatu kati ya elfu moja za milimita, wakati unywele wa kichwa una mikroni kama 70. Planja na pipa husuguliwa pamoja kiwandani mpaka wazoeane, na haviwezi kutenganishwa vikaoanishwa na vya pampu nyingine. Ndiyo sababu ninamshauri anayeanza abadilishe pampu nzima badala ya kuifungua na kuweka vipuri vya ndani juu ya meza ya kulia chakula.

Je, ni pampu kweli?

Pampu husingiziwa mara nyingi. Mashine ya kwanza niliyoishughulikia ilikuwa ya familia, na ugonjwa wake ulikuwa kwamba inawaka vizuri asubuhi, inasaga madebe mawili matatu, kisha inadhoofika na kuzima. Tulinunua pampu mpya tukaifunga, na kesho yake ikazima vilevile. Mjomba wangu, ambaye alikuwa amekaa pembeni akitazama, akaniambia, «Mwanangu, hebu legeza mfuniko wa tangi, halafu uwashe tena.» Ikasaga mpaka jioni. Kitundu cha kupumulia kilicho kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na unga uliochanganyika na dizeli ukakauka kama ukoko wa ugali, hivyo mafuta yalipopungua tangini hapakuwa na hewa ya kuingia nafasi yake, na yaliyobaki yakagoma kushuka. Tangu siku hiyo sishiki spana kabla ya kusafisha mfuniko, kufungua koki, kuchomoa mpira wa mafuta upande wa pampu na kuona kama dizeli inamwagika kwa wingi na bila kukatika. Isipomwagika hivyo, tatizo liko kwenye koki, filta au mpira, na pampu haina kosa.

Mafuta yakifika pampu vizuri, kinachofuata ni kusikiliza. Ukiinua wenzo wa kuachia kompresheni ili injini iwe nyepesi, ukaweka wenzo wa mwendo mahali pa kazi na kuzungusha hendeli, nozeli nzima hutoa mlio mkavu na mkali kila inapopuliza. Mlio ukiwa hafifu au haupo, ama pampu haisukumi ama nozeli imekwama. Kuzitofautisha kunahitaji kuchomoa nozeli, kuifunga kwenye bomba lake nje ya injini na kuzungusha hendeli huku ukiitazama kwa mbali. Ikidondosha mafuta badala ya kupuliza ukungu, shughulikia nozeli kwanza. Hapa nasisitiza jambo bila kulipunguza: mkono usiwekwe mbele ya nozeli hata kwa sekunde moja. Mafuta ya presha hiyo hupenya ngozi kama sindano, jeraha lake huonekana dogo na halitishi, lakini dizeli iliyoingia ndani huharibu nyama na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Anayepata ajali hiyo aende hospitali saa hiyohiyo na amwambie daktari kwamba ni dizeli ya presha iliyoingia chini ya ngozi, hata kama hasikii maumivu.

Pampu iliyochakaa ina dalili zake. Ya kwanza ni kwamba injini inawaka kwa shida, hasa ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na hupenya kwa urahisi pembeni mwa planja iliyolika. Ikishawaka huenda ikafanya kazi vizuri kiasi, maana planja inapokwenda kasi mafuta hayapati muda wa kuvuja kama yanavyoupata wakati wa kupiga hendeli. Dalili ya pili, ambayo mimi huiamini kuliko zote, iko kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia: kama kiwango kinapanda badala ya kushuka, oili imekuwa nyepesi na inanuka dizeli, basi mafuta yanapita pembeni mwa planja na kushukia ndani ya injini. Injini hiyo isiendelee kusaga hata debe moja, kwa kuwa oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi, na gharama ya krankshafti haifanani na ya pampu.

Inafaa kuuliza pia pampu imechakaa kwa nini, maana mpya itaingia kwenye mazingira yaleyale. Planja haina oili yake. Inalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayana ulaini huo, na dizeli iliyochakachuliwa nayo huila planja polepole bila kelele. Uchakachuaji ulikuwa umeenea Tanzania kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani alama za utambulisho, kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake isivutie wachakachuaji. Adui wa pili ni maji na vumbi la madumu. Dizeli iliyonunuliwa kwa dumu iachwe itulie siku mbili, kisha imiminwe taratibu kupitia kitambaa safi, na kiasi cha chini kisimiminwe tangini.

Kabla ya kuitoa ya zamani

Nunua pampu kwa kulinganisha. Beba ya zamani, au picha yake ya wazi pamoja na maandishi yaliyogongwa kwenye mwili wake, kwa sababu injini za familia hii zinafanana sana kwa nje, lakini planja zake hutofautiana unene na mkono wa kuzungusha mafuta unaweza kukaa upande mwingine. Nunua pia wosha mpya za shaba za mabomba. Zikikosekana, za zamani zinaweza kuchomwa mpaka ziwe nyekundu na kutumbukizwa kwenye maji, na shaba italainika tena kiasi cha kuziba.

Siku ya kazi, usafi unaanza kabla ya spana. Kibanda cha mashine kimejaa unga na vumbi la pumba, na chembe moja ya mchanga ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi iliyo kati ya planja na pipa. Mashine zisizunguke, sehemu yote ya pampu isuguliwe kwa brashi na dizeli safi, ikaushwe, na chini pawekwe karatasi au kitambaa safi. Kila bomba linalofunguliwa lizibwe mdomo papo hapo kwa kipande cha nailoni kilichofungwa kwa mpira.

Ninamshauri pia anayeanza afanye jambo ambalo mafundi wengi wenye haraka huliruka: kusoma wakati wa pampu ya zamani kabla ya kuigusa. Kwenye ukingo wa flaiwili ya S195 kuna alama zilizochongwa, mojawapo ikiwa ya mwisho wa juu wa pistoni na nyingine ya mwanzo wa mafuta, na kwenye mwili wa injini kuna kionyeshi. Legeza nati ya bomba la presha upande wa nozeli na uligeuze mdomo wake uangalie juu. Weka wenzo wa mwendo mahali pa kazi, kwa sababu ukiwa mahali pa kuzima planja haitatoa kitu. Zungusha flaiwili mpaka mafuta yajae mdomoni mwa bomba, pangusa yaliyozidi, kisha zungusha tena polepole sana kuelekea upande wa kawaida wa injini huku jicho likiwa kwenye mdomo wa bomba. Mafuta yatatulia kama kioo, halafu ghafla yatatikisika. Simama hapohapo. Huo ndio mwanzo wa mafuta, na kionyeshi kitakuambia uko wapi. Usipoona kitu katika mzunguko wa kwanza, ongeza mmoja, kwa kuwa pampu hufanya kazi mara moja katika mizunguko miwili.

Kama alama zimefutika, futikamba inatosha. Tafuta mwisho wa juu wa pistoni, pima mzingo wa flaiwili, na ugawe kwa 360. Flaiwili yenye mzingo wa milimita 1,260 ina milimita 3.5 kwa kila digrii, kwa hiyo digrii 18 ni milimita 63 kabla ya mwisho wa juu. Piga mstari wa chaki. Andika ulichosoma kwenye karatasi, hata kama ni kibaya, kwa sababu kitakusaidia baadaye.

Kufungua kwenyewe hakuna mengi. Funga koki, toa bomba la chini, toa bomba la presha pande zote mbili bila kulikunja, zungusha flaiwili duara moja kamili kutoka kwenye alama ya mafuta ili kamu isiwe inaisukuma planja, kisha toa kidirisha kidogo kilicho karibu na pampu. Legeza nati zinazoishika na uivute ikiwa imenyooka, huku ukisogeza wenzo wa mwendo mpaka gololi iachie. Kati ya pampu na mwili wa injini utakuta shimu, ambazo ni vipande vyembamba vinavyofanana na gasketi. Zihesabu na uzitunze kama fedha, kwa kuwa wakati wa injini uko ndani ya unene wake.

Gololi na uma

Sasa tunarudi kwenye ile gololi. Ndani ya injini, gavana huishia kwenye uma wenye mwanya, na gololi ya pampu inatakiwa iingie kwenye mwanya huo. Mwendo ukipanda, vyuma vya gavana hutanuka, uma unasogea, gololi inafuata, planja inazunguka na mafuta yanapungua. Gololi ikikaa nje ya uma, pampu itafungika vizuri kabisa, nati zitakaza, hapatavuja tone, na kwa nje kazi itaonekana imekamilika. Lakini hakuna tena mtu anayeishika planja. Ikiwa imebaki upande wa mafuta mengi, injini ikiwaka itapandisha mwendo bila kikomo, na wenzo wa mwendo hautakuwa na athari yoyote. Injini iliyokimbia namna hiyo inaweza kuvunja fimbo ya pistoni, na flaiwili yake nzito inaweza kupasuka na kuruka vipandevipande. Watu hufa kwa ajali ya namna hii.

Kwa hiyo shimu zikirudi mahali pake na pampu mpya ikasogezwa tunduni, mkono mmoja uishike pampu na jicho liwe kwenye kidirisha pamoja na tochi. Igeuze gololi kidogo mpaka uione ikiingia kwenye mwanya wa uma. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, kisha usogeze wenzo wa mwendo kutoka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa huku ukitazama. Gololi iende na uma, irudi na uma, bila kusita. Kuhisi kwa vidole kwamba imeingia hakutoshi, na mimi sifungi kidirisha mpaka mtu wa pili naye atazame.

Nyembamba au nene

Pampu mpya hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuitunza, hivyo ipitishiwe dizeli safi kidogo kabla ya kuunganishwa. Kisha hewa itolewe. Fungua koki, legeza skrubu ya hewa ya pampu, na acha mafuta yatoke mpaka mapovu yaishe kabisa, ukaze. Unganisha bomba la presha upande wa pampu, acha upande wa nozeli wazi, inua wenzo wa kompresheni na kuzungusha hendeli mpaka dizeli isiyo na povu itokee mdomoni. Hewa hubanika kama springi, na povu moja likibaki ndani ya bomba hilo linameza msukumo wote wa planja.

Hapo rudia usomaji wa wakati, kwa njia ileile. Watu wengi hudhani kwamba shimu zilezile zitatoa wakati uleule, jambo ambalo si lazima liwe kweli. Planja iliyolika huchelewa kujenga presha, na huenda fundi aliyetangulia aliondoa shimu moja ili kufidia ulegevu huo. Ukiweka pampu nzima juu ya shimu hizo zilizopunguzwa, mafuta yatawahi kupita kiasi. Kanuni ya kurekebisha ni nyepesi: ukiongeza shimu, pampu inakaa mbali na kamu na mafuta yanachelewa, ukipunguza, yanawahi. Katika injini ndogo nyingi, unene wa milimita 0.1 hubadilisha karibu digrii moja. Kama mafuta yalitikisika kabla alama haijafika kwenye kionyeshi, ongeza. Kama alama ilikuwa imeshapita, punguza. Kila ukitoa pampu ili kubadilisha shimu, gololi itakuwa imetoka kwenye uma, na ukaguzi wa kidirisha unaanza upya. Ninaandika hivi kwa sababu ni katika kufunga kwa mara ya pili au ya tatu, mtu akiwa amechoka na jua linazama, ndipo ukaguzi huo husahaulika.

Wakati usio sahihi hujieleza wenyewe. Mafuta yakiwahi sana, injini inagonga kwa sauti ya chuma, na wakati wa kuwasha inaweza kurudisha hendeli kinyume kwa nguvu ya kuvunja mkono. Yakichelewa sana, inatoa moshi mwingi, inakosa nguvu chini ya mzigo na maji yanachemka upesi.

Kuwasha mara ya kwanza

Oili iliyochanganyika na dizeli imwagwe na mpya iwekwe kabla ya kuwasha, si baada. Mkanda wa mashine ya kusaga utolewe. Chujio la hewa litolewe pia ili mdomo wa hewa uwe wazi, na kando yake kiwekwe kipande cha ubao bapa kinachoweza kuufunika wote. Injini ikikimbia, ubao huo ndio wa kuizima, maana dizeli isiyo na hewa haiwaki. Mkono wa mtu wala kitambaa chepesi visitumike, kwa sababu huvutwa ndani. Msaidizi asimame na spana kwenye nati ya bomba la presha, ubavuni na si mbele ya flaiwili, ailegeze iwapo ubao hautoshi, uso wake ukiwa mbali na nati hiyo. Wenzo wa mwendo uwe karibu na mwanzo, mlango wa kibanda uwe wazi ili moshi utoke, na watoto wawe mbali.

Ikiwaka na kutulia, sogeza wenzo juu na chini uone kama mwendo unatii. Baada ya hapo angalia mavujo kwa kupitisha kipande cha boksi karibu na maungio ya bomba la presha. Boksi likilowa, zima injini ndipo ukaze. Rudisha chujio la hewa, iache izunguke bila mzigo kwa muda, kisha funga mkanda na usage kidogo.

Anayefaulu katika injini hii asijidhanie yuko tayari kwa gari. Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L hutumia pampu moja yenye kichwa cha kugawa mafuta kwa silinda zote nne, inayozungushwa na mkanda wa taiming, na wakati wake hupimwa kwa geji ya saa inayosoma sehemu za mia za milimita. Inawezekana kujifunza, lakini mbele ya mtu anayeijua. Kwa injini za bomba la pamoja, ambazo ziliingia sokoni katika magari madogo mwaka 1997, ushauri wangu ni kutofungua kabisa nati za upande wa presha nyumbani.

Kwa mashine ya kusaga, pima oili asubuhi ya kesho yake kabla ya kuwasha, weka alama ya kiwango chake, na uipime tena kila asubuhi kwa wiki nzima injini ikiwa baridi na sehemu iliyo tambarare. Kiwango kikibaki pale pale au kikishuka kidogo, na ncha ya kijiti ikinuka oili tupu, pampu mpya haivujishi. Kikipanda, hata kwa unene wa ukucha, irudishe pampu dukani ukiwa na kile kijiti mkononi.